Nani Asome Faili Hili? Lebo za Usiri Katika Ofisi za Mpakani



Kila siku malori ya mafuta hupita Malaba na Busia yakielekea Kampala na mbele yake. Ubavuni na nyuma ya tangi huandikwa onyo kwa herufi kubwa, tena kwa rangi inayoonekana kutoka mbali. Maandishi yale hayazuii tangi kuvuja, wala hayazimi moto. Kazi yake ni kumwambia mtu asiyelijua lori lile, ambaye hakuwapo lilipopakiwa, namna ya kukaa karibu nalo. Mwendesha bodaboda huzima sigara yake. Mlinzi wa maegesho huliweka mbali na jiko la mwuza chapati. Mzimamoto hujua mapema kwamba maji matupu hayatamfaa.

Faili la kompyuta au la simu lenye habari nyeti za watu nalo ni shehena ya hatari. Tofauti ni kwamba mafaili mengi tunayoyaona katika maeneo yetu husafiri bila onyo lolote. Katika toleo hili tunaeleza lebo ya usiri ni nini, inawekwaje, na kwa nini ofisi ndogo ya mpakani inaihitaji kama inavyoihitaji wizara.

Habari tulizokabidhiwa

Wengi wetu tukisikia neno siri hufikiri mipango ya majeshi na barua za mabalozi. Ukweli ni kwamba habari zinazoweza kumwangamiza mtu zimo katika vyumba vya kawaida kabisa. Wakala wa forodha ana nakala za pasipoti, ankara zenye bei halisi ya mzigo na saa ambayo lori litaondoka. Mwenye nyumba ya wageni ana majina ya waliolala kwake. Wakala wa pesa za simu ana namba za vitambulisho. Chama cha akiba na mikopo kinajua nani amelemewa na deni. Zahanati inajua nani anatumia dawa gani. Mwalimu mkuu anajua ni mtoto yupi aliyehamishiwa kwa shangazi yake, na kwa sababu gani. Mwenyekiti wa LC1 anajua nani alimshtaki nani.

Zamani habari hizi zilikaa katika daftari, na daftari lilikaa kabatini. Kuliiba kulihitaji kuvunja mlango, na asubuhi pengo lilionekana. Faili la kidijitali halina tabia hiyo. Likinakiliwa, la kwanza hubaki palepale, kwa hiyo mwenye nalo hajui kwamba limeondoka. Tena huvuka mpaka kwa sekunde moja, bila kusimama kwenye kizuizi chochote.

Siri ya mtungi aijuaye kata, wasema wahenga. Tatizo la zama hizi ni kwamba kata zimekuwa nyingi, na nyingi kati yake hazijui kwamba zimechota siri.

Mfano wa kutafakari

Tuchukue mfano, ambao si kisa cha mtu yeyote tunayemjua. Mama mmoja anauza ndizi karibu na njia ya panya. Usiku mara tatu ameona wasichana wakivushwa na mtu mwenye pikipiki. Anamweleza mwenyekiti wa kijiji. Katibu anaandika taarifa katika kompyuta: jina la mama, namba yake ya simu, na mahali kibanda chake kilipo. Faili linahifadhiwa kwa jina la "orodha mpya 2". Mwenyekiti analituma kwa kiongozi wa ngazi ya juu yake. Kiongozi yule, akidhani ni taarifa ya kawaida ya usalama, analiweka katika kundi la WhatsApp lenye wajumbe mia mbili ili wote wawe macho. Miongoni mwa wajumbe yumo jamaa wa mwenye pikipiki.

Tukiwauliza mmoja mmoja, hakuna aliyekusudia ubaya. Katibu alifanya kazi yake. Mwenyekiti alipeleka habari mahali panapostahili. Kiongozi alitaka watu wajihadhari. Hata hivyo mama yule amewekwa mikononi mwa watu wasio na huruma, na maji yakimwagika hayazoleki. Kilichokosekana ni maneno machache juu ya ukurasa, ambayo yangemwambia kila aliyelipokea faili: hili lisomwe na fulani na fulani tu.

Kwetu sisi polisi hasara ya namna hii haiishii kwa mtu mmoja. Habari za uhalifu hutufikia kwa sababu mwananchi anaamini kwamba jina lake litakaa mahali alipoliweka. Jina moja likivuja, kijiji kizima hujifunza kunyamaza, na wavushaji wa wasichana hupata njia pana zaidi.

Lebo husema nani asome

Watu wengi huandika neno SIRI juu ya waraka wakadhani wamemaliza. Neno hilo linasema kwamba jambo ni zito, lakini halimwambii mpokeaji afanye nini. Je, anaweza kumwonyesha msaidizi wake? Anaweza kulipeleka kwa mwenzake wa ng'ambo ya mpaka? Zaidi ya hayo, maneno ya namna hiyo katika nyaraka za serikali yana taratibu zake rasmi, na si vema kila duka kuyaazima.

Lebo nzuri hujibu swali moja: nani asome? Wataalamu wa usalama wa kompyuta duniani wanao utaratibu wa namna hiyo, uliofananishwa na taa za barabarani. Shirika linalounganisha vikosi vya kushughulikia mashambulizi ya kompyuta, liitwalo FIRST, lilitoa toleo lake la pili mwezi Agosti 2022. Rangi nyekundu maana yake ni kwamba habari inaishia kwa wale waliopewa wenyewe. Rangi ya kaharabu inaruhusu ndani ya taasisi na kwa wateja wake, kwa wanaohitaji tu. Kijani inaruhusu jamii ya wahusika, na habari isiyo na mpaka huwekewa alama yake pia. Kinachopimwa ni umbali ambao habari inaruhusiwa kwenda.

Kwa ofisi za eneo letu tunapendekeza lebo nne, kwa maneno ambayo kila mtu anayaelewa:

WAZI. Mtu yeyote anaweza kusoma. Mfano: ratiba ya mkutano wa kijiji, bei za huduma, tangazo la chanjo.

OFISINI TU. Wafanyakazi wote wa ofisi wanaweza kusoma, wa nje hapana. Mfano: zamu za walinzi, kumbukumbu za kikao cha kawaida, orodha ya wateja isiyo na namba za vitambulisho.

WAHUSIKA TU. Wanaosoma ni wale ambao kazi yao inadai hivyo, hata ndani ya ofisi ileile. Mfano: nakala za pasipoti, mikopo, majibu ya maabara, mishahara, njia na saa ya mzigo wa thamani.

WALIOTAJWA TU. Majina ya wanaoruhusiwa huandikwa chini ya lebo yenyewe, na hakuna mwingine, hata awe mkubwa kiasi gani. Mfano: jina la mtoa habari, malalamiko ya kudhulumiwa kwa mtoto, mahali alipofichwa mtu anayetishiwa.

Mtu akisita kati ya lebo mbili, ajiulize: habari hii ikibandikwa sokoni kesho asubuhi, nani ataumia, na ataumia vipi? Ikiwa jibu ni aibu au hasara ya fedha, WAHUSIKA TU yatosha. Ikiwa jibu ni kupigwa, kufukuzwa nyumbani au kuuawa, hakuna haja ya kubishana zaidi.

Mahali pa kuiandika

Lebo iliyosemwa kwa mdomo hubaki nyuma faili linapoondoka. Ujumbe ulioandikwa kando ya faili katika WhatsApp nao hupotea pindi mtu anapolipakua na kulituma upya. Kwa hiyo lebo lazima ikae ndani ya faili lenyewe, katika sehemu tatu.

Kwanza ni jina la faili, ili mtu aione kabla hajafungua. Kwa mfano: "WAHUSIKA TU - malipo ya Machi". Lakini jina lisiwe ndilo linalotoa siri. Faili lililopewa jina la mgonjwa pamoja na ugonjwa wake limekwisha kuvuja kabla halijafunguliwa. Namba ya jalada inatosha.

Pili ni kila ukurasa, juu au chini, pamoja na jina la ofisi yenye faili na tarehe. Tunasisitiza kila ukurasa kwa sababu watu hupiga picha ya skrini ya ukurasa mmoja tu, au huchapisha ukurasa wa tano pekee wakauacha mezani. Kwenye jedwali la hesabu, lebo iandikwe katika kila karatasi ya jedwali hilo.

Tatu ni kichwa cha habari cha barua pepe inayolibeba, na mstari wa kwanza wa barua hiyo.

Taasisi kubwa zina programu zinazobandika lebo zenyewe na kuifungamanisha na ulinzi: faili lenye lebo fulani hujifunga kwa msimbo, hukataa kuchapishwa, au huzuiwa kutoka nje ya taasisi. Ofisi ndogo isiyo na programu hizo haijanyimwa lebo. Mkono na nidhamu vinatosha, mradi tusisahau kwamba lebo si kufuli. Faili la WALIOTAJWA TU lifungwe kwa nywila, na nywila hiyo ipelekwe kwa njia nyingine, kwa mfano kwa kumpigia simu mpokeaji. Atumaye faili na nywila yake katika ujumbe mmoja ni sawa na afungaye mlango akaacha ufunguo ukining'inia kitasani.

Somo kutoka Ireland ya Kaskazini

Tarehe 8 Agosti 2023 jeshi la polisi la Ireland ya Kaskazini lilipata pigo ambalo polisi wa nchi yoyote wanapaswa kulijua. Mwananchi alikuwa ameomba, kwa haki aliyopewa na sheria, kuambiwa idadi ya askari na watumishi katika kila cheo. Hilo lilikuwa ombi la tarakimu tu, na jibu lake lilistahili kuwa wazi. Jibu lilipotumwa, ndani ya jedwali lilibaki karatasi iliyofichwa, ambayo ndiyo chanzo cha hesabu ile. Humo mlikuwa na majina ya ukoo, herufi za kwanza za majina mengine, vyeo, vituo na idara za watu 9,483, yaani karibu jeshi zima. Faili lilikaa kwenye intaneti kwa takriban saa mbili na nusu.

Katika nchi ile askari wengi huficha kazi yao hata kwa baadhi ya jamaa zao, kwa kuwa vikundi vyenye silaha vimekuwa vikiwalenga kwa miaka mingi. Siku chache baadaye mkuu wa jeshi hilo alisema anaamini kwamba orodha imekwisha kufika mikononi mwa vikundi hivyo. Mwezi Oktoba 2024 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza ililitoza jeshi hilo faini ya pauni 750,000.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza, nakala hurithi lebo ya mama yake. Ukichota idadi kutoka katika orodha ya majina, faili unalolifanyia hesabu lina uzito uleule wa orodha mpaka majina yote yatoke. Njia salama ni kuandika tarakimu upya katika faili tupu, badala ya kufuta sehemu za faili la zamani na kutumaini kwamba hakuna kilichobaki. La pili, faili lile lilipita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kutoka, na karatasi iliyofichwa ilimpita kila mmoja wao. Hatusemi kwamba lebo peke yake ingewaokoa. Tunasema kwamba lebo inayobandikwa pale orodha inapozaliwa humlazimisha kila apokeaye kuuliza mapema: kilichomo humu ni nini, nami ninakipeleka kwa nani?

Lebo nyingi mno, na lebo za hila

Yapo makosa mawili yanayoua utaratibu huu. La kwanza ni kubandika lebo nzito kwenye kila kitu. Ofisi ambayo hata ratiba ya chai ni WALIOTAJWA TU huwafundisha watumishi wake kuidharau lebo, kama vile watu wasivyoshtuka king'ora kinacholia kutwa. Serikali ya Uingereza ilipofanya mageuzi mwezi Aprili 2014 ilipunguza ngazi zake za usiri zikabaki tatu, kwa sababu ngazi nyingi zilikuwa zikiwachanganya watumishi. Lebo nayo ina umri wake. Bei ya zabuni ni nyeti kabla ya bahasha kufunguliwa. Baada ya hapo si nyeti tena. Andika tarehe ya kuitazama upya.

Kosa la pili ni baya zaidi, nalo ni kutumia lebo kama pazia la kuficha ubadhirifu. Katiba ya Uganda, ibara ya 41, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, isipokuwa pale zinapoweza kuhatarisha usalama wa nchi au faragha ya mtu mwingine, na sheria ya mwaka 2005 imeeleza jinsi ya kuitumia haki hiyo. Lebo humlinda mtu ambaye habari zake zimeandikwa. Haikuwekwa ili kumlinda mweka hazina asiulizwe fedha za kisima zilikokwenda.

Faili linapovuka mpaka

Sisi wakazi wa mipakani tunafanya kazi na majirani kila saa, na majirani wana sheria zao. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Sheria hiyo inataja habari za pekee zinazohitaji uangalifu zaidi: imani ya dini, msimamo wa kisiasa, maisha ya kijinsia, mambo ya fedha na afya. Inataka pia anayepeleka data za watu nje ya nchi ahakikishe kwamba huko ziendako zitalindwa ipasavyo, au awe na ridhaa ya mwenyewe. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, na Rwanda ina ya mwaka 2021. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Kwa hiyo wakala wa Mutukula anayepeleka nakala za vitambulisho kwa mwenzake wa upande wa Tanzania anatoka chini ya sheria moja na kuingia chini ya nyingine. Lebo iwe kwa lugha inayoeleweka pande zote mbili. Kiswahili kinatufaa sana hapo, maana neno WALIOTAJWA TU halihitaji mkalimani Mutukula, Busia wala Malaba. Kabla ya kutuma, mwulize mwenzako kama ofisi yake inaiheshimu lebo hiyo. Akishindwa kujibu, subiri.

Likishatoka

Faili likiwafikia wasiohusika, usione haya, wala usingoje kuona kama kuna atakayegundua. Mwombe aliyelipokea alifute na usimlaumu. Usilitume tena kwa mtu mwingine ili kumwonyesha kilichovuja. Iarifu mamlaka husika: sheria ya Uganda inataka taarifa itolewe mara moja, ya Kenya ndani ya saa 72, na ya Rwanda ndani ya saa 48. Kisha mwarifu mwenye habari zake, kwa maana yeye ndiye aliye hatarini. Ikiwa usalama wa mtu umetishiwa, piga simu polisi, 999 au 112, kabla ya jambo jingine lolote.

Nawe unayetuletea habari za uhalifu, una haki ya kumwuliza afisa anayeandika jina lako: faili hili litasomwa na nani? Afisa anapaswa kukujibu. Usipeleke jina lako wala la mwenzako katika kundi la WhatsApp, hata kundi hilo likiitwa la usalama.

Tunawaomba wenye ofisi waanze na kazi ndogo wiki hii. Fungua kompyuta au simu ya kazi, orodhesha mafaili kumi yenye majina ya watu, na ubandike kila moja lebo yake. Katika hayo kumi huenda likawamo moja ambalo likisomwa na asiyehusika, mtu hatalala tena nyumbani kwake. Hilo lianze kufungwa leo.